Programu kwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo: anza na bomba la maji

Kozi nyingi za kuandika programu zimetungwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutengeneza tovuti au app ya simu. Wiki ya kwanza unachapisha jina lako, ya pili unapanga orodha ya bidhaa za duka, ya tatu unatengeneza mchezo wa kubahatisha namba. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo akipita humo anatoka akijua kitanzi (loop) ni nini, lakini ukimweka mbele ya swali la mekanika ya maji hajui pa kuanzia.

Msimamo wangu ni huu: chukua swali ulilokwisha kulifanya kwa kalamu na kikokotoo, lenye jibu lililosahihishwa na mwalimu, halafu liandikie programu. Kompyuta ukikosea sarufi inakwambia papo hapo, tena na namba ya mstari. Ukikosea fizikia inanyamaza, inakupa jibu lenye desimali kumi na tano. Kosa la aina hii ya pili ndilo linaloangusha watu, na dawa yake ni kuwa na jibu la kulinganisha kabla hujabonyeza kitufe.

Vifaa kwanza, kwa haraka

Tumia Python. Kama mtaala wenu unaanza na C au MATLAB, fuata mtaala upate maksi zako, lakini kazi zako mwenyewe zifanyie kwenye Python, kwa kuwa ni ya bure na maktaba zake za hesabu zimekamilika. Asiyeweza kulipia leseni ya MATLAB anayo GNU Octave, ambayo inasoma sehemu kubwa ya msimbo wa MATLAB bila kubadilishwa.

Kwenye laptopu ya zamani weka Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python. Inakuja na Python ndani yake, ni nyepesi, na ina kitufe cha kuendesha programu mstari mmoja mmoja huku ukiona thamani ya kila jina ikibadilika. Ukiamua kuweka Python yenyewe kwenye Windows, dirisha la kwanza kabisa lina kisanduku cha kuiongeza kwenye PATH, orodha ya mahali Windows inapotafuta programu. Kitie tiki. Asiyekitia tiki hukaa jioni nzima akiambiwa amri ya python haijulikani.

Utahitaji maktaba tatu: NumPy, SciPy na Matplotlib. Zinakula bando, kwa hiyo zishushe mara moja penye Wi-Fi ya chuo ugawane na wenzako kwa flashi. Kwenye folda ya flashi andika:

    pip download numpy scipy matplotlib

Kisha kwenye kila laptopu, ukiwa ndani ya folda hiyo hiyo:

    pip install --no-index --find-links=. numpy scipy matplotlib

Hapa panakwama kwa sababu moja karibu kila mara: toleo la Python halifanani. Mafaili yaliyoshushwa kwa 3.11 hayakubaliki kwenye 3.12, na ya Windows hayaingii Linux. Kubalianeni toleo moja darasa zima.

Asiye na laptopu anaweza kutumia Google Colab kwenye kivinjari, hata cha simu. Inafanya kazi vizuri, ila faili ulilopandisha kwenye kikao linapotea kikao kikiisha. Data za maabara ziweke Google Drive uziite kutoka huko. Na jambo dogo linalosumbua wengi: usiliite faili lako numpy.py wala scipy.py. Python itasoma faili lako ikidhani ndiyo maktaba, na makosa utakayoyaona hayatakuwa na kichwa wala miguu.

Bomba la inchi mbili

Sasa kazi yenyewe. Swali: maji ya nyuzi 20 yanapita kwenye bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi mbili, lita 3 kwa sekunde. Kwa kila mita 100 za bomba tunapoteza mita ngapi za maji kwa msuguano?

Nalipenda swali hili kwa sababu mlinganyo wa Colebrook, wa mwaka 1939, una kigezo cha msuguano f pande zote mbili. Huwezi kukitenga kwa aljebra. Darasani tunakwepa kwa kusoma chati ya Moody ya 1944, kila mtu na jicho lake. Kompyuta haina haja ya chati: inabuni f, inaiweka upande wa kulia, inapata f mpya, inairudisha tena. Hapo kitanzi kinakuwa na maana ambayo orodha ya bidhaa za duka haikuwahi kuipa.

    import math

    D  = 0.0525      # m, kipenyo cha ndani
    Q  = 0.003       # m3/s
    nu = 1.0e-6      # m2/s, maji ya nyuzi 20
    e  = 0.15e-3     # m, ukwaru wa GI
    L  = 100.0       # m
    g  = 9.81

    V  = Q / (math.pi * D**2 / 4)
    Re = V * D / nu

    f = 0.02
    for i in range(8):
        f = (-2*math.log10(e/(3.7*D) + 2.51/(Re*math.sqrt(f))))**-2
        print(i, f)

    hf = f * L/D * V**2/(2*g)
    print(V, Re, hf)

Kipenyo cha milimita 52.5 ni cha ndani, cha bomba la skejuli 40. Ukiweka milimita 50 kwa kuwa "inchi mbili ni 50", hf, yaani mita zinazopotea kwa msuguano, inapanda kwa zaidi ya robo, maana kwa kiwango kile kile cha maji upotevu unafuata kipenyo kwa kipeo cha tano hivi. Jina la bomba na kipenyo chake cha ndani ni vitu viwili, na kwenye programu hakuna wa kukukumbusha.

Ukiendesha utaona kasi ya 1.386 m/s, namba ya Reynolds karibu 72,760, na f ikitembea hivi: 0.0279, 0.02761, 0.02761. Mizunguko mitatu na desimali nne za kwanza zimetulia. hf ni karibu mita 5.15. Sasa fungua chati ya Moody, tafuta e/D ya 0.00286, fuata mstari mpaka Re ya elfu sabini na mbili. Utasoma kati ya 0.027 na 0.028. Hakiki pia kwa fomula ya Swamee na Jain ya 1976, isiyohitaji kitanzi: inatoa 0.0279, tofauti ya asilimia 1. Njia tatu zimekubaliana, unaweza kwenda kulala.

Kabla hujalala, haribu programu hiyo kwa makusudi. Zoezi hili linafundisha kuliko kuandika programu mpya.

Badilisha math.log10 iwe math.log. Kwenye Python, log tupu ni logi asilia, kama ilivyo MATLAB. Kwenye Excel, LOG tupu ni ya msingi wa 10. Anayetoka Excel kuja Python anatumbukia hapa, na haoni kosa lolote kwenye skrini: f inatoka 0.0056, hf inatoka karibu mita moja. Kinachotisha ni kwamba 0.0056 haionekani ya ajabu. Vitabu vya uhandisi kemikali hutumia kigezo cha Fanning, ambacho ni robo ya kile cha Darcy tunachotumia hapa, na kwa bomba hili kingekuwa 0.0069. Mtu aliyewahi kuona namba za Fanning anasema "mbona iko sawa", anachagua pampu ndogo, na maji hayafiki kwenye tangi la juu.

Rudisha log10, sasa badilisha D**2 iwe D^2. Hapa una bahati: Python inakataa, kwa sababu alama ^ kwake si kipeo, ni operesheni ya biti, na haikubali namba zenye desimali. Bahati hiyo huisha ukitumia namba nzima. Andika 10^3 kwenye Python uone: jibu ni 9, bila malalamiko. Ukichanganya Excel na Python ongeza na hili: -3^2 kwenye Excel ni 9, wakati -3**2 kwenye Python ni -9. Weka mabano, usitegemee kumbukumbu.

Mwisho, weka e = 0.15, yaani umesahau kwamba iko kwenye milimita. Ukwaru sasa ni karibu mara tatu ya kipenyo chenyewe, kitu kisichowezekana, lakini Python inaendelea kukokotoa kama kawaida na inatoa f ya karibu 20. Mstari mmoja ungetosha kulizuia:

    assert e/D < 0.05

Chati ya Moody yenyewe inaishia hapo kwenye 0.05. Kila fomula ya uhandisi ina mipaka yake ya matumizi, na mipaka hiyo inapaswa kuingia kwenye programu pamoja na fomula. Kwa bomba, ongeza kuwa Re iwe juu ya 4000. Chini ya 2300 mtiririko ni laini na f ni 64/Re tu.

Springi inayopata nishati kutoka hewani

Ukimaliza bomba nenda kwenye mtetemo. Masi ya kilo 1, springi ya 100 N/m, hakuna dampa (kizuia mtetemo). Ivute sentimita 5 uiachie. Kwa kalamu unajua: omega ni 10 rad/s, kipindi ni sekunde 0.628, na kwa kuwa hakuna msuguano itacheza sentimita 5 kila upande milele.

    m, k, dt = 1.0, 100.0, 0.01   # kg, N/m, s (dt ni hatua ya muda)
    x, v = 0.05, 0.0
    for n in range(628):
        a = -k*x/m
        x = x + v*dt
        v = v + a*dt

Hii ndiyo njia ya Euler inavyoandikwa na karibu kila anayeanza. Chora x dhidi ya muda: mtetemo unakua. Kila hatua nishati inazidishwa kwa (1 + omega² dt²), ambayo hapa ni 1.01. Asilimia 1 kwa hatua ni ndogo, lakini kipindi kimoja kina hatua 63; kipindi kimoja kikiisha nishati imefika mara 1.87 na mcheza umeongezeka kwa asilimia 37. Baada ya vipindi kumi, springi iliyovutwa sentimita 5 inacheza zaidi ya mita moja.

Sasa badilishana mistari miwili ya mwisho. v kwanza, kisha x:

        v = v + a*dt
        x = x + v*dt

Imekwisha. Hakuna kilichoongezwa, lakini sasa x inatumia v mpya, na mtetemo unabaki karibu na sentimita 5 hata uendeshe siku nzima, mradi omega mara dt iwe chini ya 2. Ningependa kila mwalimu wa mtetemo aonyeshe mistari hii miwili darasani, maana mwanafunzi aliyeiona hawezi tena kuamini grafu kwa sababu tu imechorwa vizuri.

Wengi wakiona mtetemo unakua wanapunguza dt. Inasaidia, haiponyi: kwa dt ya 0.001 mcheza bado unaongezeka kwa asilimia 3 kila kipindi. Na kama springi yako ina dampa ndogo, kosa la Euler linaweza kuifuta kabisa, ukaandika kwenye ripoti kwamba mfumo hauna utulivu kumbe kisicho na utulivu ni hesabu yako.

Ukishaelewa hili, acha kuandika Euler na tumia solve_ivp, kitatuzi cha milinganyo tofautishi cha SciPy. Mambo mawili tu. Fankisheni unayoipa inapokea muda kwanza, kisha hali: f(t, y). Ile ya zamani, odeint, inapokea y kwanza. Ukichukua mfano wa mtandaoni wa moja ukaubandika kwenye nyingine, unaweza kupata jibu lisilo na maana. Pili, uvumilivu wake wa kawaida, rtol, ni 1e-3, ambao kwa mtetemo wa muda mrefu ni mlegevu. Andika rtol=1e-8. Kwa swali la ukubwa huu hutaona tofauti ya muda.

Joto, na nakala isiyo nakala

Fimbo ya chuma, ncha zote mbili nyuzi 100, katikati nyuzi 25. Gawa fimbo vipande vya sentimita moja na ukokotoe joto hatua kwa hatua kwa njia ya moja kwa moja. Sharti lake ni alfa (kipimo cha joto kusambaa ndani ya chuma) mara dt kugawa kwa dx² (dx ni urefu wa kipande), lisizidi nusu. Kwa chuma chenye kaboni asilimia 1, alfa ni karibu 1.2e-5 m²/s, hivyo dt isizidi sekunde 4.2. Ukiweka sekunde 6 joto litaanza kupishana, kipande kimoja moto kinachofuata baridi, kisha namba zitafika mabilioni. Kosa hili angalau linapiga kelele. Ukitaka vipande vya milimita 5, dt lazima ishuke mara nne, hivyo kazi nzima inaongezeka mara nane.

Kosa la kimya liko hapa:

    T_mpya = T

Kwenye NumPy mstari huo hautengenezi nakala. Majina mawili yanaelekeza kwenye safu moja, kwa hiyo ukibadilisha T_mpya ndani ya kitanzi umebadilisha na T, na kipande cha tatu kinakokotolewa kwa joto jipya la cha pili badala ya la zamani. Andika T.copy(). Utaligunduaje usipokuwa na jibu la kitabu? Kwa ulinganifu. Fimbo ina ncha mbili zinazofanana, basi joto la kipande cha pili kutoka kushoto lazima liwe sawa na cha pili kutoka kulia. Likitofautiana, hata kwa desimali ya tatu, msimbo una kasoro. Kipimo hiki hakihitaji mwalimu.

Kenchi na matriki

Ukianza kukokotoa kenchi kwa njia ya ugumu utakusanya matriki ya ugumu K na kuiita numpy.linalg.solve. Siku moja NumPy itakataa ikisema matriki ni singula, yaani haina kinyume. Wanaotoka kwenye kompyuta wanaliona hilo kama kosa la msimbo. Wewe lisome kama mhandisi: kenchi yako inaelea. Umesahau kuishikilia mahali fulani, au fremu moja ina pande nne bila mwanachama wa mshazari, inaweza kulala kama kitanda kilicholegea bila mwanachama hata mmoja kuvutika. Wakati mwingine haitakataa, kwa sababu ya makosa madogo ya desimali. Itatoa mihamo ya mita 1e13. Maana ni ile ile. Hesabu uhuru uliofungwa, angalau mitatu kwa kenchi ya bapa.

Vizio vinaleta balaa yake hapa, na zaidi kwenye programu za elementi finiti (zinazogawa umbo vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja) kama CalculiX, inayotumika ndani ya FreeCAD, ambayo yenyewe haijui kizio chochote. Wengi hufanya kazi kwa milimita, newton na MPa. Vizuri, lakini ukichagua hivyo masi inalazimika kuwa tani, na densiti ya chuma ni 7.85e-9. Anayeweka 7.85e-6, yaani kilo kwa milimita ya ujazo, hatapata tatizo lolote kwenye mkazo na mpindo wa mzigo tuli, kwa kuwa densiti haiingii. Anakuja kuumia kwenye masafa ya mtetemo: yanatoka madogo mara 31.6, kipeuo cha pili cha elfu.

Chukua flatibaa ya unene wa milimita 5, ishike kwenye jiliwa ibaki milimita 500 nje, uipige kidole. Hesabu ya kitabu inasema karibu Hz 16. Kwa densiti isiyo sahihi kompyuta itakwambia 0.5, yaani mtikisiko mmoja kila sekunde mbili. Unaona kwa macho yako kwamba mitikisiko haihesabiki, ncha imekuwa kivuli tu. Karakana ya chuo ndiyo kihakiki cha bei rahisi kuliko vyote, na haitumii bando.

Data za maabara

Mashine ya kuvuta chuma inatoa faili la CSV, jedwali la maandishi matupu. Kabla ya kulisoma kwa Python lifungue kwa Notepad, si kwa Excel, maana Excel hubadilisha vitu kimyakimya. Angalia mistari ya maelezo juu, kama kitenganishi ni koma au nukta-mkato, na kama desimali ni nukta au koma. Mashine iliyopangwa kwa mipangilio ya Ulaya huandika 12,45. Hapo tumia maktaba ya nne, pandas (import pandas as pd):

    pd.read_csv("data.csv", sep=";", decimal=",", skiprows=6)

Hesabu mwenyewe mistari ya kuruka. Kisha chora grafu kabla ya kukokotoa chochote. Kwa chuma laini chenye mkazo wa kukubali (pale kinapoanza kuvutika bila kurudi) karibu MPa 250, chukua kipande kati ya 50 na 200, upate mteremko, ndiyo moduli ya unyumbufu E, kwa np.polyfit. Mwanzo wa grafu uache, pale taya zinajikaza tu.

Unatarajia GPa 200 hivi. Ukipata 2, safu ya mvutiko iko kwenye asilimia. Ukipata namba ya chini ya nusu ya ile unayotarajia, tazama mvutiko ulipimwaje: kama ni mwendo wa kichwa cha mashine badala ya ekstensomita iliyofungwa kwenye sampuli, umepima kuvutika kwa sampuli pamoja na taya, skrubu na fremu. Hapo hakuna msimbo wa kurekebisha. Andika kwenye ripoti kwamba E haiwezi kupatikana kwa data hizi, nayo ni ripoti nzuri.

Arduino, yaani C yenye meno

Kihisi joto LM35 kinatoa millivolti 10 kwa kila nyuzi. Bodi ya Arduino Uno (R3) inasoma volti 0 hadi 5 kama namba 0 hadi 1023. Kila mtu anaandika:

    int mv = analogRead(A0) * 5000 / 1023;

Chumba kina nyuzi 30, kihisi kinatoa mV 300, bodi inasoma 61. Skrini inaonyesha mV -22, yaani nyuzi -2.2. Mwanafunzi anabadilisha waya, anabadilisha kihisi, anakwenda kununua kingine. Kihisi ni kizima. Kwenye Uno, int ni biti 16, mwisho wake 32,767. Na 61 mara 5000 ni 305,000, inazunguka na kurudi kwenye hasi. Andika 5000L na utapata 298, yaani nyuzi 29.8. Msimbo ule ule kwenye ESP32 hauzunguki, kwa kuwa int yake ni biti 32 (ingawa huko usomaji unafika 4095, hivyo fomula inabadilika pia). Ndiyo maana mwenzako anasema "kwangu inafanya kazi" na wote wawili mnasema kweli.

Hatua moja ya Uno kwa volti 5 ni karibu nusu nyuzi, na volti 5 ya USB mara nyingi si 5. Ikiwa 4.7, nyuzi 30 zinasomeka 32. Tumia analogReference(INTERNAL), kipimo cha 1.1 V cha ndani: hatua inashuka hadi kama nyuzi 0.1 na unapima mpaka 110. Volti hiyo inatofautiana kutoka chipu hadi chipu, kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo ipime kwa multimita kwenye pini ya AREF uandike thamani halisi kwenye msimbo. Ukihifadhi millis() kwenye int, kipima muda chako kitaharibika baada ya sekunde 32. Tumia unsigned long. Na kwenye C, 1/12*b*h*h*h ni sifuri, boriti yoyote ile: 1/12 ya namba nzima ni 0 kabla b haijaguswa. Andika 1.0/12.

Kuhusu ChatGPT na wenzake: waombe msimbo, wanaandika sarufi safi. Hawajui ukwaru wako uko kwenye milimita, wala hawajui kichwa cha mashine yenu kinalegea. Ukipewa mistari hamsini, ipitishe kwenye vipimo vile vile: jibu la kalamu, ulinganifu, kupunguza dt kwa nusu uone kama jibu linatulia.

Ukiandika, tia kizio ndani ya jina: D_m, e_mm, p_kPa. Yanachosha kidole, lakini uwiano = e_mm / D_m linajionyesha lenyewe kwamba lina kasoro. Mafaili yasiwe mwisho.py, mwisho2.py na mwisho_kabisa.py, jifunze amri tatu za Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili), init, add na commit, zinatosha kwa mradi wa mwaka wa nne. Na kwenye kiambatisho cha ripoti weka ukurasa mmoja wa hesabu ya mkono ya kesi moja, pembeni yake namba iliyotolewa na programu kwa kesi hiyo hiyo. Msahihishaji atautazama huo kabla ya grafu zote.